Maji ya Kwanza ya Irindi

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, maana baadhi ya waliokuwapo bado wana nguvu za kushika jembe, palikuwa na kijiji kilichoitwa Irindi, ubavuni mwa mlima. Juu ya kijiji palikuwa na ndiva. Kwa msiotoka milimani, ndiva ni bwawa la mawe na udongo. Kijito huingia humo usiku kucha, asubuhi kizibo cha mti huchomolewa, na maji hushuka kwa mfereji mmoja kwenda mashambani. Waliojenga ndiva ya Irindi walishakufa na majina yao yalishasahauliwa, ila mfereji waliouchimba uliendelea kuwagawa watu. Waliokaa pale unapoanzia waliitwa watu wa Kichwani. Waliokaa pale unapoishia waliitwa watu wa Mkiani.

Kila asubuhi ilikuwa hivi: Kajiru, mlinzi wa ndiva, alipuliza baragumu, akachomoa kizibo. Maji yakashuka. Kichwani wakanywesha. Katikati wakanywesha. Mkiani wakanywesha. Kajiru alikuwa ameapa mbele ya kijiji kizima kwamba hatakigusa kizibo ila kwa amri ya baraza la mfereji, na kwamba hatapindisha zamu kwa ajili ya mtu yeyote, hata awe ndugu yake wa tumbo moja. Na baraza la mfereji lilikuwa la wazee wa Kichwani.

Miaka ya mvua nzuri hakuna aliyelalamika. Kisha mvua zikabadilika. Mvua zilizozoea kuwahi zikachelewa. Zilizozoea kunyesha polepole zikaja kwa kishindo siku moja, zikabeba udongo, zikaenda zao. Watu wakatafuta sababu. Wengine walisema ni miti ya chemchemini, ile aliyoikata Mzee Senzighe wa Kichwani alipopanua shamba lake la tangawizi na kuizungushia ua chemchemi yenyewe. Mzee Senzighe mwenyewe, ambaye hakosi taarifa ya habari, alisema redio imeeleza vingine.

"Ni moshi wa nchi za mbali," alisema. "Nchi zenye viwanda na magari mengi. Wao wanachoma, joto linatuangukia sisi. Na ukiwaambia wapunguze, wanasema watakaa kikao."

"Kumbe hata wewe, Mzee, una watu wa Kichwani kwako!" akasema Kangero, kibarua wake kutoka Mkiani. "Pole sana. Sasa tuko wote."

Watu wakacheka. Mzee Senzighe naye akacheka, kwa kuwa Kangero alikuwa mtani wake na hakuna siku iliyopita bila wawili hao kutupiana maneno. Wakacheka, wakarudi kulima. Zamu za maji hazikubadilika.

Kajiru akapuliza baragumu, akachomoa kizibo. Maji yakashuka, machache. Kichwani wakanywesha. Katikati wakalowanisha. Mkiani wakangoja.

Walipochoka kungoja, watu wa Mkiani wakachimba mashimo katika mchanga wa mto uliokauka. Maji yalichuruzika humo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wakanywa hapo, mbwa wakanywa hapo, watu wakateka hapo. Na humo ndimo kipindupindu kilimoingilia.

Nesi wa zahanati akashuka Mkiani na mkoba wake. Alikuwa binti mwenye sauti ya upole na miguu isiyochoka. Akawaambia wachemshe maji ya kunywa, wachimbe vyoo mbali na mto, na wanawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka.

"Nesi," akasema Kangero, "maji yanayotiririka yako kwa Mzee Senzighe. Ya kwetu yamekaa tu. Ukiyaambia yatiririke yanakutazama."

Nesi hakucheka. Alipanda hadi Kichwani na kulieleza baraza kwamba watu wa Mkiani wapelekewe maji. Wazee wakamsikiliza kwa heshima. Walikuwa watu wa kawaida, wenye watoto, wanaosali na kuzika wafu wao vizuri. Lakini walikuwa watu wa mfereji, na mtu aliyezaliwa juu ya mfereji huzoea kuona kwamba kila kitu hushuka. Matope yake hushuka. Maganda yake hushuka. Maji aliyofulia nepi hushuka. Hajawahi kuona kitu cha Mkiani kikipanda kumfikia.

"Maji hayapandi mlima, binti yetu," wakamwambia. "Huu ni ugonjwa wa maji ya chini. Utabaki chini. Tutafunga njia, basi."

Njia ikafungwa. Mtu wa Mkiani asipande kuja sokoni. Asipande kuja kuzika. Asipande kuja kusali. Lakini nguo za Kichwani zilihitaji kufuliwa, ng'ombe wa Kichwani walihitaji kukamuliwa, na tangawizi ilihitaji kupaliliwa. Kwa hiyo baraza likaongeza neno: wenye kazi za watu wapite, ila wapitie mlango wa jikoni.

Na kweli maji hayakupanda. Ugonjwa ulipanda kwa miguu, ukabisha hodi mlango wa jikoni, ukafunguliwa.

Miongoni mwa waliopitia mlango huo alikuwa mama mmoja mjane wa Mkiani, jina lake Nakiete. Alikuwa akifua nguo na kupika nyumbani kwa Mzee Senzighe. Asubuhi moja mwanawe mdogo aliamka akitapika. Nakiete alimtazama mtoto, akatazama chungu, na chungu kilikuwa kitupu. Akamwachia jirani yule mtoto, akapanda kazini. Hakumwambia mtu. Alifua, akasonga ugali, akashuka na unga wake wa siku. Mtoto wake akapona. Lakini siku chache baadaye Nanzia, mjukuu wa Mzee Senzighe, akaanza kutapika, na nyumba nyingine za Kichwani zikafuata.

Basi hapa, wasikilizaji wangu, kaeni vizuri, maana sasa yanakuja mambo matatu na mtaulizwa.

La kwanza. Habari za Nanzia ziliposhuka Mkiani, Nakiete hakulala chini kulia. Alikwenda penye kivuko, pale njia inapoanza kupanda, akasimama katikati na mwiko mkononi.

"Leo hapandi mtu," akasema.

"Wewe mama, toka njiani," wakamwambia vibarua wenzake. "Tusipopanda, watoto wetu watakula nini? Watakula amri yako?"

"Watakula kwangu."

"Kwako kuna nini?"

Nakiete alikuwa na mbegu. Mahindi yake ya mbegu yalikuwa yakining'inia juu ya meko, yamekauka kwa moshi, na maharage yake ya mbegu yalikuwa katika kibuyu kilichozibwa kwa majivu. Kwa mkulima, kula mbegu ni kama kuvunja nyumba upate kuni. Nakiete akaangua mahindi, akafungua kibuyu, akapika makande. Watu wakala, kila mmoja na bakuli lake, wamekaa mbalimbali kama nesi alivyoagiza. Kesho yake akapika tena. Wanawake wengine walipoona, nao wakashusha mbegu zao kidogokidogo, lakini aliyeanza ni yeye, na aliyemaliza zake zote ni yeye. Hakuna mguu uliopanda. Milango ya jikoni ya Kichwani ikanyamaza, na ugonjwa ukakosa wa kumpandia mgongoni.

La pili. Watu wa Mkiani walikuwa na chakula, lakini hawakuwa na maji safi, nao waliendelea kuugua. Kajiru, mlinzi wa ndiva, alikuwa na dada yake Mkiani, aliyeolewa huko. Alishuka kumwona akakuta amekwisha kuzikwa, na watoto wake wamekaa mlangoni wakimtazama mjomba wao.

Kajiru akapanda hadi kwenye ndiva. Ilikuwa zamu ya Mzee Senzighe, na baraza lilikuwa halijatoa amri nyingine. Kajiru akazungukia mfereji wote, akaziba kwa udongo kila mdomo wa shamba, wa Kichwani na wa katikati. Kisha akachomoa kizibo bila kupuliza baragumu. Maji yakashuka. Kichwani hawakunywesha. Katikati hawakunywesha. Maji yakafika Mkiani yakiwa mengi, na watoto wakayakimbilia wakipiga kelele, na nesi akawafuata akipiga kelele zaidi: "Chemsheni! Chemsheni kwanza!"

Baraza likakaa siku ileile. Likamnyang'anya Kajiru baragumu. Likatangaza kwamba mtu aliyevunja kiapo cha ndiva hatasimama tena penye kizibo maisha yake yote.

La tatu. Vijana wa Kichwani wakachukua majembe, wakaenda nyumbani kwa Mzee Senzighe, kwa kuwa zamu iliyovunjwa ilikuwa yake, na kwa desturi ya mfereji mwenye zamu ndiye mwenye neno. Tangawizi yake ilikuwa katika umri wa kunenepa, umri usiovumilia kiu.

"Mzee, sema tu," wakamwambia. "Tukafunge sasa hivi."

Mzee Senzighe alikuwa ameketi kando ya kitanda cha Nanzia akimnywesha kwa kijiko maji ya chumvi na sukari. Alimalizia kijiko kwanza.

"Msifunge," akasema.

"Mzee, tangawizi itakufa."

"Naijua tangawizi kuliko nyinyi. Nimesema msifunge. Na mkitoka hapo, ng'oeni ua wa chemchemini. Maji ya chemchemi nayo yaende mferejini."

Mfereji ukabaki wazi. Tangawizi ikainamisha majani, ikageuka njano, ikalala. Mzee Senzighe alipita shambani kila asubuhi akiitazama, akirudi kwa mjukuu. Nanzia akapona. Mkiani nako wagonjwa wakapungua, kisha wakaisha. Watu walipomwuliza nesi ni kitu gani kilichoponya kijiji, alijibu, "Msinitie katika ugomvi wenu. Ninachojua, tungekosa moja kati ya haya matatu, hadi leo tungekuwa tunachimba makaburi."

Mvua za vuli zikaja. Hazikuwa nyingi, lakini zilikuja. Irindi ikatangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ili kutoa tope ndani ya ndiva. Siku zote Kichwani walitoa tope upande wa juu na Mkiani upande wa chini. Safari hii hakuna aliyekumbuka kujitenga. Walitumbukia wote hadi magotini, wakapokezana karai, wakarushiana tope, na mchana wakakaa ukingoni kula viazi, wamechanganyika. Siku chache baadaye ndiva ikajaa, na wote wakarudi pale ukingoni kwa sababu palikuwa na jambo.

Irindi walikuwa na desturi. Kijiji kikitoka salama katika balaa, ndiva ya kwanza ya msimu, yaani bwawa likijaa mara ya kwanza, haifuati zamu. Yote hupewa mtu mmoja, yule aliyekiokoa kijiji. Nayo haigawanywi. Si kwa uchoyo. Mfereji mkavu ndio mlafi: ukiyagawa maji ya kwanza, ardhi huyanywa njiani na hayafiki kwa yeyote. Na mwaka ule, ndiva ya pili ilikuwa ya kubahatisha. Aliyepata maji ya kwanza angepanda mapema na kuvuna. Wengine wangesubiri mawingu yaamue.

"Aseme anayestahili," likatangaza baraza. Na kwa mara ya kwanza baraza hilo lilikuwa limewaketisha watu wa Mkiani kwenye mkeka uleule.

Akasimama Nakiete.

"Mimi niliziba njia," akasema. "Nilisimama mbele ya watu wenye njaa nikawaambia kaeni. Hakukaa mtu kwa maneno yangu, walikaa kwa mbegu zangu. Jirani zangu wamenichangia mbegu, kila nyumba kiganja. Ndizo nilizo nazo, na shamba langu ni la mwisho kabisa, ninyi nyote mnalijua. Nikikosa maji haya, ndiva ya pili haitanifikia. Nitapanda tena njia ileile kwenda kufua, na watoto wangu watakula unga wa siku. Nilikiokoa kijiji kwa nilichokuwa nacho chote."

"Na aliyetupandishia ugonjwa ni nani?" akauliza mtu kutoka nyuma. "Mwanao alitapika, wewe ukaja kusonga ugali wa watu."

Nakiete akamtafuta kwa macho. "Huenda ni mimi," akasema. "Siku ile nilichagua kati ya ugonjwa na njaa, na njaa ndiyo niliyoijua zaidi. Kama kuna mwenye watoto hapa ambaye angechagua vingine, asimame nimwone."

Yule wa nyuma akaendelea kukaa.

Akasimama Kajiru.

"Mbegu bila maji ni nini?" akasema. "Makande yale yangeendelea kushushiwa kwa maji ya mashimo, mama Nakiete angewaua watu kwa ukarimu. Mimi niliapa. Nilivunja kiapo mchana kweupe, na ninyi mmeninyang'anya kazi ya baba yangu na ya babu yangu. Siombi mnirudishie baragumu. Naomba maji ya kwanza yaende shamba la marehemu dada yangu, watoto wake wapate cha kuvuna. Nakiete ana jirani wa kumchangia. Mzee Senzighe ana ghala. Wale watoto wana mjomba asiye na kazi."

"Lakini Kajiru," akasema mama mmoja wa Mkiani, bila ukali, "miezi yote ile ulipuliza baragumu na sisi tukangoja. Kizibo kilikuwa mkononi mwako. Ulingoja dada yako afe?"

Kajiru akafuta tope usoni, ingawa hakukuwa na tope. "Nilidhani kutopindisha zamu ndiyo haki," akasema. "Ndivyo nilivyofundishwa. Nilidhani hivyo hadi siku ile."

Akasimama Mzee Senzighe.

"Kajiru alifungua," akasema, "lakini majembe yalikuwa mlangoni kwangu. Neno langu moja, na kizibo kingerudi kabla chungu cha kwanza hakijachemka. Nakiete alitoa mbegu, nami nikatoa shamba zima. Iliyobaki ni tangawizi kidogo, ya kupanda tena. Isipopata maji haya nayo itakauka, na nitakuwa mzee mwenye nyumba kubwa na hakuna cha kumwajiri mtu. Wangapi wa Mkiani wanapata unga kutokana na shamba lile? Kangero, sema."

"Wengi," akasema Kangero.

"Na chemchemi sitaizungushia ua tena. Miti nimekwisha kuanza kupanda."

"Mzee," akasema mkewe, aliyekuwa ameketi na Nanzia mapajani, "tusidanganyane mbele ya watu. Mtoto huyu asingeugua, ungesema 'msifunge'?"

Mzee Senzighe akamtazama mkewe, akamtazama Nanzia. "Sijui," akasema. "Nimejiuliza. Sijui."

Na hapo ndipo mambo yalipochanganyika, maana mnadhani Kichwani walimtetea Senzighe na Mkiani wakamtetea Nakiete. Haikuwa hivyo. Kangero wa Mkiani alisimama akasema maji apewe Mzee Senzighe.

"Mtani wangu ana mdomo mrefu na masikio mafupi," akasema, "lakini alikuwa na haki ya kufunga na hakufunga. Nakiete hakuwa na njia nyingine. Kajiru alikuwa na uchungu. Huyu alikuwa na njia ya raha, akaiacha. Tena mwenye kitu akitoa mara moja na tukamwacha aumie, kuna mwenye kitu atakayetoa tena?"

"Na wewe huna kibarua pale, Kangero?" wakamzomea.

"Ninacho! Na watoto ninao pia. Nimekataa?"

Mke wa Mzee Senzighe, wa Kichwani, akasema apewe Nakiete. "Mume wangu alitoa sehemu, ghala bado tunalo," akasema. "Yeye alitoa mbegu, na mbegu ni msimu ujao wote. Alipozipika alikuwa anawalinda watoto wa Kichwani, ambao angeweza kuwachukia. Hebu mumpe mtu wa mwisho kwenye mfereji awe wa kwanza mara moja, tuone kama mlima utaanguka."

Na mjumbe wa baraza, ambaye kwa mkono wake alimpokonya Kajiru baragumu, akasema apewe Kajiru. "Hawa wawili kila mtu aliwashukuru. Kajiru peke yake alifanya jema tukamwadhibu. Wenzetu walipoteza mali, naye alipoteza heshima yake. Tukimpa maji, tutakuwa tumekiri kwamba zamu yetu ndiyo iliyokuwa na kosa, na mwakani tutaandika nyingine."

"Kwani mwakani zamu itabadilika?" akauliza Nakiete.

"Itabadilika," wakajibu wengi pamoja, wa juu na wa chini, nao wakatazamana kwa mshangao kwa sababu jambo hilo halikuwa limejadiliwa. Likapita hivyohivyo, kwa sauti hiyo moja.

Lakini hilo lilikuwa la mwakani. La siku ile lilibaki palepale. Jua lilikuwa limeanza kuchoma, maji yamefika ukingoni mwa ndiva, vyura wanapiga makelele ndani yake kama watu wenye hoja. Nakiete alisimama na mbegu zake za viganja vya watu. Kajiru alisimama na watoto wa dada yake. Mzee Senzighe alisimama na mkongojo wake. Na baraza likasema kwamba halitaamua peke yake tena. Kila aliyekuwa ukingoni, mke kwa mume, wa Kichwani kwa wa Mkiani, ataje jina moja.

Walianza kutaja, mmoja baada ya mwingine, na hesabu ikawa inapanda sawasawa. Sasa imewafikia ninyi mnaonisikiliza. Mmoja alilisha watu mbegu zake, na huenda ndiye aliyewaletea ugonjwa. Mmoja alivunja kiapo, baada ya kukishika muda mrefu mno. Mmoja aliliacha shamba lake life, naye hajui kama angeliacha kwa ajili ya mtoto wa mwenzake. Maji ni ya mmoja tu, na hayangoji.

Haya, shika kizibo. Je, maji ya kwanza ya Irindi, nani aliyastahili?